Kuacha Sigara Isiolo: Sheria, Miraa na Mfungo

Nikotini hufika kwenye ubongo sekunde chache tu baada ya moshi kuvutwa, na ubongo ukishaizoea huidai. Ndiyo maana kuacha sigara huwa vigumu hata kwa anayeyajua madhara yake.

Zamani sigara iliwashwa ndani ya matatu, ofisini na hotelini bila mtu kulalamika. Kenya iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2004, kisha ikatunga sheria yake mwaka 2007. Sheria hiyo ilipiga marufuku kuvuta hadharani, kuwauzia walio chini ya miaka 18 na kuuza sigara moja moja, ingawa vibandani mtindo huo haujakoma.

Mjini Isiolo, sigara mara nyingi huandamana na miraa inayoletwa kutoka Meru. Anayetaka kuacha hufanya vyema kuepuka kwanza vikao vya kutafuna. Kuhamia ugoro si kuacha, kwani nao una nikotini. Kwa Waislamu wa mji huo, wakiwemo Waborana na Wasomali, Ramadhani hutoa nafasi nzuri: mvutaji anayefunga hukaa bila sigara tangu alfajiri hadi magharibi.

Hamu huwa kali siku za mwanzo, kisha hupungua ndani ya wiki chache. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa moyo hushuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta.