Korija ya Miti na Mizani ya Amana

Korija moja ni miti ishirini. Hesabu hiyo wanaijua watu wote wa delta ya Rufiji, wilayani Kibiti: mkataji wa mikoko, mwenye chombo na mnunuzi. Lakini miti ikishapangwa, jicho huona ile ya juu tu. Mti uliooza kiini ukipenyezwa katikati hautambulikani mpaka mzigo uteremshwe, na pengine wakati huo chombo kimekwisha vuka bahari.

Tangu zama za kale majahazi yalipakia mikoko katika delta hii na kuipeleka Unguja, Uarabuni na nchi za Ghuba. Katika nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti zilizobeba dari. Watoto walilala chini ya miti hiyo, na wazazi wao hawakumjua aliyeikata. Usalama wao ulikuwa mikononi mwa mtu ambaye hawakupata kumwona.

Ni sifa zipi, basi, zinazomfanya mtu awe bora katika kazi yake? Katika Surat al-Qasas tunasoma kisa cha binti wa Madyan aliyemshauri baba yake amwajiri Nabii Musa (a.s.). Alitaja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Nguvu hapa si misuli peke yake, bali ni uwezo wa kuitimiza kazi. Sifa hizi zikitengana, kazi huharibika. Mwenye uwezo asiye mwaminifu huiba kwa ustadi. Na mwaminifu asiye na ujuzi hupoteza mali za watu kwa nia njema.

Tuanze na uwezo. Mtu wa delta hajifunzi kazi kwa siku moja. Hana budi kutofautisha mkandaa na msinzi, fito na pau, boriti na nguzo. Hana budi pia kuujua mwezi, ule ule tunaoutazamia kwa saumu na Idi, kwa kuwa mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndivyo vinavyoleta maji ya bamvua. Nahodha aingiaye kijito kwa bamvua akachelewa kutoka, chombo chake chaweza kukwama topeni mpaka bamvua jingine. Elimu hii hupatikana kwa kumfuata mjuzi, kuuliza bila haya, na kukubali kukosolewa.

Uaminifu nao una mtihani wake. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono wake ndani ya rundo la chakula, akakuta unyevu. Mwenye mali alisema kuwa kilinyeshewa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kilicholowa juu, watu wakakiona, kisha akajitenga na mwenye kughushi. Je, mkono huo ungetiwa katika korija zetu, ungekuta nini?

Amana haiishii kwa mnunuzi. Misitu ya mikoko ni hifadhi, na kuivuna kwahitaji kibali. Katika mizizi yake hukulia kamba na samaki wanaolisha vijiji vya delta. Mkataji anayepita usiku asionekane na mlinzi amesahau kuwa yuko Asiyelala, na ameila riziki ya wanawe kabla hawajakua.

Sifa hizi haziwahusu wakataji peke yao. Karani anayejaza daftari, fundi cherehani anayebaki na kitambaa cha mteja, muuguzi wa zamu ya usiku: kila mmoja ana korija yake, na katikati yake pasipoonekana.

Wazazi, shule ya kwanza ya kazi ni nyumbani. Mtume mtoto dukani, kisha arejeshe chenji yote, hata iwe shilingi hamsini. Akifagia, mwambie afagie na chini ya kitanda. Akikosea akakiri, msimkemee kiasi cha kumfundisha kuficha. Na mtafutieni mwalimu wa ufundi kwa bidii ile ile mnayomtafutia mwalimu wa chuo, kwani Kurani anayoihifadhi asubuhi ndiyo itakayomwongoza jioni atakapopanga miti yake.

Kijana wa namna hiyo akivuka kwenda Mafia au akipanda basi la Dar es Salaam, atakuwa na cheti ambacho hakiandikwi: watu watamkabidhi mali zao na kulala usingizi.

Wabillahi tawfiq.