Cheni ya Athena Freshi, Ila Tabora Kuna Mchongo

Siku hizi ukiperuzi Insta lazima ukutane nazo: cheni nyembamba za dhahabu, kidani cha duara kama sarafu, juu yake miungu wa kike wa Kigiriki. Kuna Athena wa akili na vita, na bundi wake. Kuna Aphrodite, mama wa mapenzi, na kombe la bahari. Kuna Selene mwenye mwezi kichwani. Madem wanatupia na gauni jeusi, wanatoka pisi kali hatari. Mimi sina ugomvi. Ila alama ina kazi yake: inatangaza aliyeivaa ni nani. Na watu wa Tabora walishaijua game hiyo kitambo.

Cheki kibangwa. Ni kipande cha duara kilichokatwa kwenye kitako cha simbi la baharini lenye umbo la pia. Cheupe, laini, na ule mzunguko wa simbi unaonekana juu yake. Watemi wa Unyamwezi, yaani pande za Tabora, walikivaa kama alama ya utawala. Sasa piga hesabu: Tabora hakuna bahari. Mzigo ulitoka Pwani na misafara, pamoja na vitambaa, shanga na masango, wapagazi wakitembea kwa miezi kutoka Bagamoyo mpaka Unyanyembe, eneo la Tabora. Kwa mguu, masela! Ndiyo maana hakikuvaliwa na kila mtu.

Huko bara, mbali na bahari, bei ilipaa kinoma. Mwaka 1854 mpelelezi wa Kizungu David Livingstone aliandika kwamba kwa chifu Shinte, Zambia ya leo, vipande viwili vya namna hiyo vilitosha kununua mtumwa, na vitano vilitoa pembe nzuri ya ndovu. Tusijidanganye basi: bling ya zamani nayo ilikuwa na msala wake.

Na kama unataka mwanamke mwenye nguvu, huna haja ya kupanda ndege hadi Ugiriki. Januari 1893 Wajerumani walivamia boma la Mtemi Isike wa Unyanyembe. Jamaa akakataa kukamatwa, akalipua baruti yake. Baada yake, kiti cha Unyanyembe kikakaliwa na mwanamke, Nyaso. Sura yake ingekaa freshi sana kwenye kidani.

Dhahabu yenyewe? Ipo, tena ina stori. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikuwa wamebanwa kila kona na hela hamna. Wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kule Iramba, wakaigonga kuwa sarafu za rupia 15 kwenye karakana ya reli Tabora. Upande mmoja tai wa Kaisari, upande wa pili tembo kainua mkonga, nyuma yake mlima. Kila moja gramu 7 na ushee, karati 18. Zilitoka 16,000 na ushee tu, na Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauchukua mji. Leo wakusanyaji wa dunia nzima wanazisaka, na feki zimejaa kibao.

Kwa hiyo dili liko hivi. Ukibahatika kurithi tembo original, yaani hiyo sarafu, usimtoboe ili umtundike kwenye cheni, maana tundu moja tu linashusha thamani. Mwekee fremu ya kumshika pembeni. Kama huna, nenda kwa sonara na mchoro wako: kibangwa cha dhahabu, duara bapa, mzunguko umechongwa katikati. Mwambie apime gramu mbele ya macho yako, ulipe kwa uzito. Angalia muhuri: 750 ni karati 18, 875 ni karati 21, 916 ni karati 22. Hakuna muhuri? Mwambie apime karati ya dhahabu yenyewe kabla hujatoa mkwanja. Ukiambiwa "imechovywa", jua ni rangi tu, jasho la Tabora litaimaliza.

Athena mvae ukimpenda, mwana, hakuna anayekukataza. Ila mtu akikuuliza shingoni umevaa nini, uwe na jibu. Kibangwa na tembo wa Tabora wana majibu ya kwetu. Muulize na bibi yako kabla hujaenda kwa sonara.