Krismasi Nyumbani, Watoto Wakiwa Mbali



Sikukuu ikikaribia, barabara hujaa. Nauli za matatu zinapanda, watu wanabeba mizigo, kila mmoja anataka kufika kwao. Lakini si wote wanaofika. Kuna mlinzi aliyepangiwa zamu, muuguzi aliye wadini, msichana wa kazi ambaye mwajiri wake ana wageni, na kijana ambaye nauli tu imemshinda. Huku kijijini wazee wao wanabaki.

Tumfikirie mama mmoja mjane ambaye mwanawe ni mlinzi mjini. Tarehe 24 Desemba mama anafagia uwanja, anamfunga kuku mguu, kisha anakaa. Kila gari likisimama barabarani anatoka kuangalia. Giza linaingia. Asubuhi ya Krismasi haendi kanisani, ati mwana asije akakuta mlango umefungwa. Saa nane mchana ndipo simu inalia: "Mama, nisamehe, sikupata ruhusa." Kumbe mwana alijua tangu wiki iliyopita. Aliogopa kumvunja mama moyo.

Hebu tuangalie shida iko wapi. Umbali ulimuumiza mama, ndiyo. Lakini kungoja kulimuumiza zaidi. Kulimnyima ibada, chakula na majirani, vitu vyote vilivyokuwa karibu naye.

Tulilojifunza mwaka 2020

Wengi wetu tunaikumbuka Pasaka ya tarehe 12 Aprili 2020, wakati wa ugonjwa wa korona. Makanisa yalikuwa yamefungwa. Tangu tarehe 27 Machi watu wengi hawakuruhusiwa kutembea nje kati ya saa moja usiku na saa kumi na moja alfajiri. Jumatatu ya Juma Takatifu, tarehe 6 Aprili, safari za kuingia na kutoka Nairobi na sehemu za jirani zilisimamishwa. Siku mbili baadaye Mombasa, Kilifi na Kwale zikafuata.

Ilikuwa Pasaka ngumu. Lakini hakuna aliyekaa kando ya barabara akingojea gari, kwa maana kila mtu alijua mapema. Basi familia nyingi zilijipanga: waliwasha redio kusikiliza ibada, wakasoma Neno na kusali mezani, wakapigiana simu. Walioteseka zaidi ni wale waliokaa peke yao, maana hata jirani aliogopa kuingia.

Leo njia ya kwenda kwa jirani iko wazi. Tukumbuke pia kwamba Krismasi ya kwanza kabisa ilifanyika mbali na nyumbani. Yusufu na Maria walikuwa wametoka Nazareti kwenda Bethlehemu kwa ajili ya kuhesabiwa. Waliokuja kumwona mtoto usiku ule walikuwa wachungaji wa kondoo waliokuwa karibu.

Kikundi kinaweza kufanya nini?

1. Ulizeni mapema. Katika mkutano wa Novemba karani aandike majina ya watu watakaokuwa peke yao. Msihesabu wanachama pekee. Wako wazee, wajane, watoto walioachiwa nyanya, na wake ambao waume wako kazini mbali.

2. Pateni ukweli. Kila mwenye mtu mbali ampigie kabla ya Desemba, amwulize wazi: "Utakuja au hutakuja?" Mzazi aseme pia, "Hata usipofika sitakasirika, ila usinifiche." Neno hili humfungua kijana anayeona haya kwa sababu hana pesa.

3. Wekeni akiba ndogo ya sikukuu. Kwa mfano, wanachama 15 wakitoa shilingi 20 kila wiki kwa wiki 6, watapata shilingi 1,800. Zitasaidia kununua unga wa chapati, mafuta, sukari na majani ya chai. Mweka hazina aziandike mbali na pesa za mikopo. Msiguse hazina ya kikundi kwa ajili ya Krismasi. Januari iko mlangoni na karo inangoja.

4. Kuleni pamoja. Chagueni boma moja lililo karibu na wengi. Asiyeweza kutembea apelekewe chakula, na aliyekipeleka aketi wale pamoja. Sahani ikiachwa mlangoni, mtu atashiba lakini bado yuko peke yake.

5. Kila mtu apewe kazi. Nyanya aombwe kuongoza sala au kuwasimulia watoto. Mzee achague wimbo. Mtu akiitwa kupokea tu atajiona mzigo, na mwaka ujao atakataa kuja.

Simu na saa

Wengine wana watoto Uarabuni. Huko Saudi Arabia tarehe 25 Desemba ni siku ya kazi kama siku nyingine, kwa hivyo mtoto huenda akapata nafasi usiku peke yake. Patana naye saa. Kukiwa saa mbili usiku kwetu, Saudi Arabia pia ni saa mbili, Dubai ni saa tatu usiku, na London ni saa kumi na moja jioni. Mkishapatana, mama hatakaa na simu mkononi kutwa nzima. Ataenda kanisani, atakula na wenzake, na jioni atakuwa na habari za kumwambia mtoto.

Pesa zikitumwa kwa simu, tushukuru. Lakini mtumaji asidhani amemaliza. Mzazi anataka pia kusikia sauti.

Na yule atakayepata likizo tarehe 3 Januari? Hajachelewa. Katika kalenda ya makanisa mengi, majira ya Krismasi huendelea mpaka Epifania, tarehe 6 Januari. Kuku mwingine abaki bandani.

Walio mbali watajwe kwa majina katika sala ya mezani, pamoja na waliofariki mwaka huu. Kuwanyamazia hakupunguzi uchungu.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Krismasi iliyopita, ni nani kijijini kwetu alikula peke yake? Tulijua?
2. Ni nini kinachowafanya watoto wetu waogope kutuambia kwamba hawatakuja?
3. Ni nani atakayebeba kazi ya kuandika majina, na ataanza lini?