Je, Wajua? Kompyuta ya Saiba Isilale Hovyo

Je, wajua kuwa Linux na giza kubwa la Kenya vinaangukia tarehe moja? Linus Torvalds alitangaza mfumo wake endeshi wa kompyuta 25 Agosti 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Ijumaa usiku, 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima.

Je, wajua kuwa kompyuta iliyolala bado inakula stima? Kazi yako hubaki kwenye RAM, na RAM ikikosa umeme husahau kila kitu. Kompyuta ya mezani haina betri. Kijana wa Kaloleni akiacha barua ya kuomba basari bila kuihifadhi, mashine ikalala na stima ikakatika hata dakika moja, barua imepotea.

Upo usingizi mwingine, mzito: yaliyomo kwenye RAM huandikwa kwenye diski, mashine ikajizima kabisa. Huo hauogopi stima kukatika. Ila unadai nafasi ya kutosha kwenye diski, na kompyuta nyingine haziamki vizuri. Ndiyo maana Ubuntu, mfumo mmojawapo wa Linux, iliacha kuuwasha tangu toleo la 12.04, mwaka 2012.

Je, wajua kuwa hata kiini cha Linux kinaweza kuukataa? Tangu toleo 5.4 la mwaka 2019, kikiwekwa katika hali ya ulinzi mkali hakiruhusu usingizi mzito, kwa kuhofia mtu kuchezea kumbukumbu iliyolala kwenye diski.

Je, wajua kuwa msimamizi wa mashine ya Linux anaweza kufunga usingizi wote kwa mistari miwili? Kwenye faili /etc/systemd/sleep.conf, chini ya sehemu ya Sleep, aandike AllowSuspend=no na AllowHibernation=no. Mteja hataweza tena kuilaza mashine. Lakini njia ninayoipenda zaidi ni polkit, programu ya Linux ya kutoa ruhusa, kwa sababu inatazama ni nani anayeomba: mteja ananyimwa, msimamizi anaachiwa. Tena kila usingizi una ruhusa yake, hivyo unaweza kuzuia mmoja na kuacha mwingine.

Hili si jambo dogo kwa saiba. Mteja mmoja akilaza kompyuta iliyounganishwa na printa, wote waliopanga foleni na fomu zao za HELB na KRA wanakwama. Faili lililoachwa lipakuliwe usiku linakatika. Fundi aliye Mariakani, aliyetaka kuingia kwa mbali na kurekebisha hitilafu, hapati jibu.

Laptopu inayotumika kama seva? Andika HandleLidSwitch=ignore kwenye faili /etc/systemd/logind.conf, nayo haitalala hata ukiifunika.

Wenye saiba na walimu wa maabara za kompyuta, kuanzia Mariakani hadi Mavueni, fungeni usingizi kwenye mashine za mezani zinazotumiwa na wengi. Msihofie bili: skrini hupangiwa kivyake, na itaendelea kujizima huku kazi ikiendelea.