Nani Anafaa Kuajiriwa Katika Ujasusi wa Serikali?

Kijana wa Nairobi au wa Kampala anayetaka kazi katika idara ya ujasusi ya nchi yake siku hizi hukuta mlango wenye sheria. Huulizwa uraia wake, elimu yake, na kama amewahi kutiwa hatiani mahakamani. Baada ya usaili hufuata upekuzi, yaani uchunguzi wa nyendo zake, wa jamaa zake na wa marafiki zake. Lakini haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika nchi hizo mbili jirani zilipita zama ambazo swali kubwa lilikuwa moja tu: "Wewe ni mtu wa nani?" Askari wa jeshi na wa polisi wana haja ya kufahamu jinsi swali hilo lilivyobadilika, kwa kuwa wao ndio wanaotumwa uwanjani kwa kutegemea taarifa zilizokusanywa na watu hao.

Uganda ndiyo iliyolipa gharama kubwa zaidi. Hata kabla ya nduli Iddi Amin kunyakua madaraka tarehe 25 Januari 1971, idara ya upelelezi ya serikali ya Milton Obote iliongozwa na Akena Adoko, jamaa yake Rais. Amin aliivunja idara hiyo, akaunda yake, akaipa jina la kistaarabu: Ofisi ya Utafiti ya Taifa. Makao yake yalikuwa Nakasero, mjini Kampala. Waliochukuliwa kufanya kazi humo walipimwa kwa undugu, kwa kabila na kwa utii kwa mtu mmoja. Wengi walitoka West Nile, na wengine walikuwa wageni kutoka kusini mwa Sudani. Mjini walitambulika upesi kwa miwani yao myeusi, mashati ya maua na viatu vya raizoni. Jasusi anayetambuliwa na mtoto wa sokoni kwa viatu vyake hawezi kupeleleza lolote. Kazi iliyombakia ni kutisha watu tu.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976 ndege za Israeli zilitua Entebbe, zikawachukua mateka zaidi ya 100, zikaondoka kabla ya saa mbili kupita. Ofisi iliyokuwa na macho kila mtaa wa Kampala haikuona kitu. Miaka miwili baadaye, mwezi Oktoba 1978, Amin alivamia Kagera bila kujua ukubwa wa jibu ambalo angelipata kutoka Tanzania. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na waliofika Nakasero walikuta maiti za wafungwa na malundo ya majalada. Mtu aliyeajiriwa kwa sababu anampendeza mkubwa hupeleka kwa mkubwa habari zinazompendeza. Utawala wa namna hiyo hupofuka wenyewe, na anayekufa kwa upofu huo kwanza ni askari aliye mstari wa mbele.

Mwaka 1987 Uganda ilitunga sheria iliyounda idara mbili, moja ya usalama wa ndani na nyingine ya usalama wa nje. Sheria hiyo iliweka wazi kwamba mtumishi wa idara hizo hana mamlaka ya kumkamata wala kumfunga mtu. Ni kweli kwamba katika miaka iliyofuata yalitolewa malalamiko mengi ya watu kuzuiliwa katika nyumba za siri, na sharti lililoandikwa halikulindwa daima. Hata hivyo sharti lenyewe lilikuwa jipya, na lilibadilisha aina ya mtu anayehitajika. Asiye na pingu hulazimika kuwa na masikio.

Kenya ilifuata njia nyingine, ndefu zaidi. Wakati wa vita vya Mau Mau wakoloni wa Kiingereza waliliimarisha Tawi Maalum la polisi kwa kazi ya kuwapeleleza Waafrika waliodai ardhi na uhuru. Baada ya uhuru tawi hilo likaendelea, likiongozwa na James Kanyotu tangu mwaka 1965 hadi mwaka 1991, muda wa marais wawili. Mwaka 1986 lilibadilishwa jina, lakini tabia za zamani zilibaki. Katika miaka hiyo watu walioshukiwa kuwa wa chama cha siri cha Mwakenya waliteswa katika vyumba vya chini ya jengo la Nyayo House mjini Nairobi. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru watu 21 walioteswa humo walipwe fidia. Waliowatesa walikuwa watumishi wa serikali wenye mishahara, na hawakuingia kazini kwa bahati mbaya: palitafutwa wakamataji, wakapatikana wakamataji.

Mageuzi yalianza na sheria ya mwaka 1998, iliyoutenga ujasusi na polisi. Katiba ya mwaka 2010 ikaipa Idara ya Taifa ya Ujasusi nafasi yake kando ya Majeshi ya Ulinzi na Polisi, na sheria ya mwaka 2012 ikafafanua kazi zake. Masharti yaliyomo katika Katiba hiyo yanastahili kutazamwa kwa makini. Vyombo vya usalama vinakatazwa kuegemea upande wa chama chochote cha siasa. Uajiri wao unatakiwa uonyeshe watu wa Kenya wa namna zote kwa uwiano wa haki. Mkurugenzi Mkuu, kama maofisa wengine wakuu wa dola, haruhusiwi kuwa na uraia wa nchi mbili, na hana budi kutimiza masharti ya uadilifu ya Sura ya Sita. Huteuliwa na Rais, lakini jina lake hupelekwa Bungeni. Mwaka 2023 Noordin Haji alihojiwa na kamati ya Bunge kabla ya kushika wadhifa huo, jambo ambalo Kanyotu hakupata kulipitia.

Sharti la watu wa namna zote huchukuliwa na wengine kuwa ni la kugawana vyeo. Fikira hiyo ni fupi. Idara yenye watu wa kabila moja haiwezi kukaa kibarazani Mandera, wala sokoni Kisumu, wala gatini Mombasa, ikasikiliza bila kushtukiwa.

Upekuzi nao una maana yake. Madeni, ulevi na maisha yanayozidi mshahara huulizwa katika kila idara makini duniani, na sababu yake ilionekana waziwazi nchini Marekani. Aldrich Ames, ofisa wa shirika la ujasusi la CIA, alianza kuwauzia Warusi siri mwaka 1985 akiwa amebanwa na madeni. Mwaka 1989 alinunua nyumba ya dola 540,000 kwa fedha taslimu. Alipimwa mara mbili kwa mashine ya kugundua uongo, akapita. Alikamatwa mwaka 1994, na katika muda huo watu kadhaa aliowataja walikuwa wamekwisha kuuawa. Mashine haikumwona, lakini karani yeyote ambaye angelinganisha mshahara wake na nyumba yake angelimwona.

Kwa wanajeshi kuna jambo la ziada. Wakuu watatu wa kwanza wa idara ya Kenya baada ya sheria ya mwaka 1998, yaani Wilson Boinett, Michael Gichangi na Philip Kameru, wote walitoka jeshini. Nidhamu ya jeshi ni mtaji mzuri katika kazi hiyo, ila askari hufundishwa kutekeleza amri, ilhali ofisa wa ujasusi hana budi kumwambia mkubwa wake habari asiyopenda kuisikia.

Kwa polisi, jambo la kukumbuka linatoka katika marekebisho ya mwishoni mwa mwaka 2014, yaliyofuata mashambulizi ya kigaidi nchini Kenya. Ofisa wa ujasusi aliruhusiwa kumzuia mtu anayemshuhudia akitenda kosa kubwa, mradi amkabidhi kwa polisi aliye karibu. Kwa hiyo kazi ya mwisho inarudi kwa konstebo wa zamu kaunta, mwenye daftari na kalamu. Katiba inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, nazo huhesabiwa tangu alipokamatwa; saa alizokaa mikononi mwa ofisa wa ujasusi zimo katika hesabu hiyo.