Kiingereza cha misheni: Nani hasa aliyekitaka kijijini?

Kuna dhana iliyoota mizizi miongoni mwetu kwamba mmisionari alifika kijijini akiwa na Biblia mkono wa kulia na kitabu cha Kiingereza mkono wa kushoto. Wanafunzi wangu huirudia karibu kila muhula: eti wamisionari ndio waliozitupa lugha zetu jalalani. Dhana hii ina chembe ya ukweli. Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Hebu tuanzie Pwani. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844 na miaka miwili baadaye akafungua kituo Rabai pamoja na Johannes Rebmann. Kazi aliyoizamia haikuwa kuwafunza wenyeji Kiingereza, bali yeye mwenyewe kujifunza lugha zao. Sarufi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka wa 1850, na kamusi yake mwaka wa 1882, baada ya kifo chake. Sababu ni bayana: kwa Mprotestanti, mwongofu sharti ajisomee Maandiko, na mtu huguswa na neno analolielewa. Ndiyo maana Wagikuyu waliwaita Wakristo wa kwanza 'athomi', yaani wasomaji. Kusoma na kuongoka vilikuwa kitu kimoja.

Mwaka wa 1909, mashirika ya misheni yalikutana Nairobi na kuafikiana kwamba lugha ya mama itumike katika madarasa ya mwanzo, Kiswahili kifuate katika madarasa mawili ya kati, kisha Kiingereza kitumike katika madarasa ya juu. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka wa 1924, nayo ilitetea lugha za wenyeji katika madarasa ya chini.

Je, huu ulikuwa upendo mtupu kwa lugha zetu? La hasha! Walowezi walitaka vibarua, si makarani wa kushindana nao. Lugha ya mama ikawa daraja la kufikia Injili na wakati uo huo ukuta wa kumzuia Mwafrika asifike ofisini.

Wanakijiji waliuona ukuta huo. Karani aliyejua Kiingereza alipata mshahara. Aliyejua Kiingereza aliweza kuisoma barua ya serikali na kuitetea ardhi yake. Baada ya mgogoro wa tohara ya wasichana mwaka wa 1929, Wagikuyu wengi walijitenga na misheni na kuanzisha shule huru. Mojawapo ya madai yao makuu lilikuwa kwamba Kiingereza kifunzwe mapema. Serikali ilizifunga nyingi za shule hizo baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka wa 1952, lakini kiu haikuzimika. Tume ya Ominde ya mwaka wa 1964 ilipendekeza Kiingereza kuanzia darasa la kwanza. Ilibidi Ripoti ya Gachathi ya mwaka wa 1976 iturejeshe kwenye lugha ya eneo la shule kwa madarasa matatu ya mwanzo.

Mbona basi sera hiyo inapuuzwa hadi leo? Mzazi anayemhamisha mwanawe hadi shule ya kibinafsi inayojigamba kwa Kiingereza si mjinga. Anapiga hesabu ile ile aliyoipiga babu yake. Hasara humwangukia mtoto anayefunzwa kusoma kwa lugha asiyoisikia nyumbani: hutamka maneno kama kasuku bila kuelewa. Ilhali aliyejua kusoma kwa lugha anayoielewa huuhamishia ustadi huo kwenye lugha ya pili.

Kwa maoni yangu, kumlaumu mmisionari ni kukwepa swali. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Mahojiano ya kazi, hukumu za mahakama na fomu za serikali zikianza kupatikana kwa Kiswahili, mzazi hatahitaji kuhubiriwa. Atabadilisha hesabu zake mwenyewe.