Dumu Hili la Nani?

Bomba likikatika siku mbili tatu katika mitaa ya pembezoni mwa Dodoma, foleni ya kwenye kioski cha maji haiwi tena ya watu, inakuwa ya madumu. Mwenye dumu la tatu amerudi nyumbani kuangalia chungu jikoni. Mwenye la nne amekaa kwenye kivuli cha mwarobaini, macho yake kwenye bomba. La tano hakuna ajuaye liliachwa na nani wala lini. Mama anayeuza maji akifika hapo huuliza kwa sauti, "Hili la nani?" Akiitikiwa, anangoja. Kukiwa kimya, analisogeza pembeni na foleni inaendelea.

Ninatunza seva za chuo kimoja hapa Dodoma, na swali la mama huyo nilichelewa sana kujifunza kuliuliza. Seva ya wavuti nayo ina foleni, na foleni yake pia ni ya madumu. Muunganisho, au koneksheni kama tunavyoiita kazini, ni alama tu kwamba mtu aliwahi kufika. Huenda bado anangoja. Huenda simu imeishiwa chaji. Huenda amepanda basi la Singida na mtandao umempotea njiani.

Alama hiyo huwekwa hivi. Ukibonyeza kiungo, simu yako hupiga hodi kwenye seva, seva huitikia karibu, simu nayo hujibu kwamba imeingia. Maneno hayo matatu ndiyo mwanzo wa mazungumzo ya TCP, utaratibu uliowekwa kwenye waraka rasmi mwaka 1981 na ambao hadi leo unabeba sehemu kubwa ya kurasa tunazofungua. Hodi ikishaitikiwa, keneli ya seva, yaani kiini cha mfumo endeshi, huandika mstari mmoja kwenye daftari lake. Mstari huo unakula kumbukumbu na nafasi ya faili. Kwenye seva ya Apache iliyopangwa kwa mtindo wa zamani, unashika mfanyakazi mzima ambaye hamhudumii mwingine mpaka amalizane na huyo. Isipobadilishwa, Apache ya namna hiyo huruhusu wafanyakazi 256. Mgeni wa 257 anangoja nje.

Jioni moja ya kutolewa matokeo ya semesta, wafanyakazi wetu wote 256 walikuwa wameshikwa, ilhali prosesa imepoa kabisa. Dalili hiyo ingetosha kutuambia kwamba seva haikuwa ikifanya kazi, ilikuwa ikingoja. Hatukuisoma. Tulizima Apache tukawasha; dakika tatu ukurasa ukafunguka vizuri, ya nne ukagoma tena. Kijana ninayefanya naye kazi akaorodhesha anwani za IP zenye miunganisho mingi, akaikuta moja ina zaidi ya 90. "Mkuu, huyu anatushambulia. Nimfungie?" Nikamwambia mfungie. Seva ikapumua. Robo saa haijaisha, simu yangu ikaanza kuita. "Shikamoo mwalimu. Ukurasa haufunguki kabisa, na hapa Mpwapwa tuko kumi na kitu, wote hivyo hivyo." Mara Kondoa. Mara Kongwa. Wote wa mtandao mmoja wa simu.

Tuliyemfungia hakuwa mtu mmoja. Anwani zote za IPv4 duniani hazizidi bilioni 4.3, na ghala kuu la kuzigawa liliishiwa Februari 2011. Kampuni ya simu haiwezi kumpa kila mteja anwani yake, kwa hiyo huweka mamia, pengine maelfu ya simu nyuma ya anwani moja na kuzitofautisha kwa namba za poti. Mwaka 2012 lilitengwa hata fungu maalumu la anwani, linaloanzia 100.64.0.0, kwa ajili ya matumizi ya ndani ya mitandao ya namna hiyo. Machoni pa seva, wilaya nzima inaweza kuonekana kama mtu mmoja mwenye pupa. Nililielewa hilo nikiwa nimeshawanyima matokeo wanafunzi walionunua bando kwa shilingi za kuhesabu, na mpaka leo linaniuma.

Siku iliyofuata tulianza upya, safari hii kwa kusoma daftari lenyewe. Kwenye Linux ni faili la kawaida machoni, /proc/net/tcp, na lugha yoyote ya kuandikia hati, yaani programu fupi za amri, inaweza kulisoma. Sisi tulitumia Python:

hesabu = {}
for mstari in open("/proc/net/tcp"):
    sehemu = mstari.split()
    if sehemu[1].endswith(":01BB"):
        hali = sehemu[3]
        hesabu[hali] = hesabu.get(hali, 0) + 1
print(hesabu)

Mistari saba tu. Inachukua miunganisho iliyoingia kwa poti 443, ile ya kurasa zenye alama ya kufuli, ambayo keneli huiandika kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita kama 01BB. Kisha inahesabu ni mingapi iko katika hali gani. Kama Apache yako inasikiliza pia IPv6, miunganisho yake utaikuta kwenye faili la pili, /proc/net/tcp6. Sisi tulipoteza nusu saa hapo tukidhani seva haina mtu.

Hali nazo huandikwa kwa tarakimu. 03 ni hodi iliyopigwa ambayo bado haijakamilika. 06 ni mazungumzo yaliyokwisha, ambayo keneli inayakumbuka kwa sekunde 60 iwapo kuna kifurushi kilichochelewa njiani. Wageni wa kazi hii hushtuka wakiona 06 elfu moja, kumbe karibu siku zote hazina neno. Ya kutazama kwa makini ni 08. Hiyo maana yake mteja ameshaaga na programu yako haijafunga mlango. Zikizidi kuongezeka saa hadi saa, ugonjwa uko kwenye programu ya upande wako, na hakuna anwani ya kufungia itakayouponya.

Zetu nyingi zilikuwa 01, mazungumzo yaliyo wazi. Lakini 01 haitofautishi dumu lenye mtu na dumu lililotelekezwa. Kwa hilo inabidi usogee safu moja zaidi kulia. Huu hapa mstari mmoja, nimebadilisha anwani nikaweka ya mfano inayotumika vitabuni:

0500000A:01BB 2C0200C0:C822 01 00003A98:00000000

Kipande cha kwanza ni seva yetu. Cha pili ni mteja, na anwani yake husomwa jozi kwa jozi kutoka kulia, C0, 00, 02, 2C, yaani 192.0.2.44. Poti yake C822 ni 51234. Halafu hali, 01. Mwishoni ndipo penye jibu: 00003A98 ni 15,000, idadi ya baiti ambazo programu imeshazikabidhi zipelekwe na simu ya mteja haijathibitisha kuzipokea. Sifuri zinazofuata zinasema kwamba hakuna kilichotoka kwake kinachosubiri kusomwa.

Sasa unaweza kuuliza hili la nani. Soma mstari, ngoja sekunde tano, usome tena uleule. Namba ikishuka, hata kidogo, kuna mtu upande wa pili, yuko mbali na mnara lakini anapokea. Ikiganda palepale mara nyingi mfululizo, huenda simu imezimika. Keneli yenyewe ina subira kubwa: hurudia kutuma hadi mara 15, kazi inayochukua kama dakika 15 au zaidi, ndipo ikate tamaa. Na pale ambapo hakuna cha kutuma, kimya kitupu, na programu haina saa yake, keneli inaweza kukaa saa mbili kamili, sekunde 7,200, kabla ya kuuliza kama mwenzake bado yupo. Hata hapo huuliza tu pale programu ilipoiomba ifanye hivyo.

Kukata nako kuna adabu yake. Amri ya ss -K dst 192.0.2.44 dport = 51234 inakata soketi moja tu, ya anwani hiyo na poti hiyo, bila kuwagusa wengine walio nyuma ya anwani ileile. Inahitaji mamlaka ya msimamizi mkuu na keneli iliyojengwa ikiwa na uwezo huo. Hati yetu, iliyokua kutoka mistari ile saba, inaiita pale tu muunganisho ulipo 01, una baiti zinazongoja, na namba haijashuka kwa dakika mbili. Amri ya kufungia anwani hatukuiweka ndani ya hati kabisa. Anayetaka kufunga anwani sasa lazima aandike kwa mkono na kueleza sababu.

Kuna anayesema rahisi zaidi ni kuweka ukomo: anayezidi sekunde kumi, nje. Ninaelewa wasiwasi huo unakotoka. Mwaka 2009 Robert Hansen alitoa programu iitwayo Slowloris, iliyoonyesha kwamba kompyuta moja inaweza kuishika Apache nzima kwa kufungua miunganisho mingi na kutuma ombi kidogo kidogo bila kulimaliza. Ukomo unahitajika. Lakini tazama walivyouweka wenye busara. Moduli ya Apache ya kudhibiti muda wa kusoma ombi humpa mteja sekunde 20 za kutuma kichwa cha ombi, na kwa kila baiti 500 zinazofika humwongezea sekunde moja, mwisho 40. Nginx, seva nyingine ya wavuti, nayo ina sekunde 60 za kutuma jibu, na sekunde hizo hupimwa kati ya hatua moja ya kutuma na inayofuata, si kwa safari nzima. Zote mbili zinauliza kama dumu linajaa. Hazitazami saa peke yake.

Tofauti hiyo si ya vitabuni. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Tanzania ikazorota vibaya. Seva iliyopangishwa ng'ambo yenye kanuni ya sekunde kumi ingewatoa nje karibu wateja wake wote wa huku siku ile, na msimamizi angesoma kwenye kumbukumbu zake kwamba kanuni imefanya kazi vizuri.

Upande wa programu pia kuna la kurekebisha, hasa kwa sisi ambao mifumo yetu mingi imeandikwa kwa lugha ya PHP. Mwanafunzi akiona ukurasa unazunguka, anauburuza chini ufunguke upya. Anafanya hivyo mara sita. Kwenye simu yake ombi ni moja. Kwenye seva ni sita, kwa sababu PHP haijui kwamba mteja ameondoka mpaka ijaribu kumwandikia kitu. Ikiwa inangoja jibu la hifadhidata, itangoja mpaka mwisho kwa niaba ya mtu ambaye hayupo. Katika kazi ndefu zinazokwenda kwa mizunguko, tuliweka utaratibu wa kusukuma herufi chache nje kila baada ya mzunguko ili PHP igundue kama mteja ameondoka. Isipopewa agizo lingine, ikishagundua hujisimamisha yenyewe palepale, na hifadhidata hupumzika.

Kusimama huko huko kunaweza kuumiza. Chukua hati inayopokea malipo ya ada kwa kontrolo namba, yaani namba ya kumbukumbu ya malipo: imeshaandika kwamba fedha zimeingia, haijaandika kwamba mwanafunzi amesajiliwa, mtandao unakatika, hati inafia katikati. Hati za namna hiyo tunazianza kwa ignore_user_abort(true), zimalize kazi hata kama mwenyewe ameondoka, na zinapoendelea baada ya hapo zinaweza kuuliza connection_status(), ambayo hujibu 0 mteja akiwepo na 1 akiwa ameondoka.

Wenye seva nyingine iliyokaa mbele kupokea wageni wawe waangalifu zaidi. Daftari la seva ya nyuma litaonyesha anwani moja tu, ya hiyo ya mbele, na ukiifungia umefunga chuo chote. Anwani ya mteja huja kwenye kichwa cha X-Forwarded-For, nacho kiaminiwe pale tu kinapoandikwa na seva yako mwenyewe, maana mteja anaweza kukijaza apendavyo.

Na orodha hizi zisizagae. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu 1 Mei 2023, na mimi orodha ya anwani, poti na saa naihesabu kuwa taarifa za watu. Hati yetu hutunza hesabu za hali, anwani inazisahau baada ya kuzitumia.

Matokeo ya semesta iliyofuata yalitoka saa mbili usiku. Tulikaa wawili mbele ya skrini, hati ikisoma kila sekunde tano. Wafanyakazi wa Apache walifika 240 na kitu, wakashuka, wakapanda tena. Kijana akanionyesha mstari mmoja uliokuwa umekaa muda mrefu, baiti 15,000. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kibodi. Usomaji uliofuata ulikuwa 2EE0, 12,000. Kisha 1F40, 8,000. Kisha 0BB8, 3,000. Akaondoa mkono. Namba ikawa sifuri, baada ya sekunde chache hali ikageuka kutoka 01 kuwa 06, na dakika moja baadaye mstari haukuwepo.